Bangi moja, kemikali zaidi ya mia: ipi hulevya, ipi hutibu?

Jani bichi la bangi likichumwa shambani na kutafunwa papo hapo, karibu halilevyi. Kemikali iliyoupa mmea huo sifa yake, THC, imo kwa kiasi kidogo mno. Iliyojaa humo ni asidi inayoizaa, THCA, ambayo haina ulevi. Moto ndio unaoigeuza. Ikipata joto la nyuzi 100 na kuendelea, THCA hupoteza kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ndicho kinachompa mvutaji stimu.

Hilo ni jambo dogo la maabara, lakini linaeleza kwa nini mabishano yetu kuhusu bangi hayaishi. Mmoja anasema ni dawa. Mwenzake anasema ni sumu inayowamaliza vijana. Wa tatu anataka hempu, yaani bangi ya viwandani, ilimwe ili nchi ipate fedha za kigeni. Wote wanautaja mmea mmoja, Cannabis sativa, ila kila mmoja ana kemikali yake kichwani. Watafiti wamekwishatambua kanabinoidi zaidi ya 100, yaani kemikali za jamii ya THC, ndani ya mmea huo. Nyingine zinalevya, nyingine hazilevyi kabisa, moja, CBD, imethibitishwa kuwa dawa ya kifafa, na nyingi hazijafanyiwa utafiti wa kutosha kwa binadamu. Mpaka ijulikane ni ipi inayozungumziwa, iko kiasi gani na nani kaipima, kusema “bangi” tu hakumsaidii daktari, mkulima wala mbunge.

Asidi moja, vimeng'enya vitatu

Kanabinoidi hutengenezwa kwenye vinyweleo vinavyoota juu ya maua ya mmea jike. Ua likitazamwa kwa lenzi ya mkononi, kila kinyweleo huonekana kimesimama juu ya kikonyo chembamba, na nchani kina kichwa cha mviringo kinachong'aa, kimejaa utomvu. Ndio huo unaonata vidoleni mwa wavunaji, na ukikusanywa na kushindiliwa huwa hashishi. Majani makubwa yana vinyweleo vichache. Mbegu yenyewe haina kanabinoidi, ila ile chembe iliyoganda juu ya ganda lake. Kwa hiyo mafuta ya mbegu za hempu, ambayo Ulaya huuzwa kama mafuta ya saladi, si mafuta ya CBD, hata kama chupa zote mbili zimechorwa jani lilelile.

Ndani ya kinyweleo mmea huanza na asidi moja iitwayo CBGA. Vimeng'enya vitatu huigombea: kimoja huigeuza kuwa THCA, cha pili CBDA, cha tatu CBCA. Unga mmoja wa ngano hutoka chapati, maandazi au mkate kutegemea mpishi, na CBGA nayo hutegemea kimeng'enya kilichoiwahi. Nani ataiwahi ni suala la urithi. Mmea uliorithi jeni ya THC pande zote mbili hutoa THC kwa wingi. Uliorithi ya CBD pande zote hutoa CBD. Uliochanganya hutoa zote mbili kwa viwango vinavyokaribiana.

Jicho haliwezi kuitambua tofauti hiyo shambani. Mpaka kati ya hempu na bangi ni namba iliyochaguliwa na watu. Mwaka 1976, Ernest Small wa Canada na Arthur Cronquist wa Marekani, wataalamu wa kuainisha mimea, walihitaji mahali pa kukata mstari wakachagua asilimia 0.3 ya THC katika uzito mkavu. Small mwenyewe alikiri kwamba mstari huo ungeweza kuchorwa kwingine. Lakini watunga sheria waliuchukua kama ulivyo. Sheria ya kilimo ya Marekani ya Desemba 2018 iliruhusu hempu kwa kipimo hicho. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitumia asilimia 0.2 katika ruzuku za kilimo, ukapandisha hadi 0.3 mwaka 2023. Uswisi inaruhusu hadi asilimia 1. Kwa hiyo mmea wenye asilimia 0.8 ni zao halali Zurich, na ukivushwa mpaka unaweza kuhesabiwa kuwa dawa ya kulevya.

Kilo tano ndani ya basi

Mofini ilitolewa kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na kokeini kwenye majani ya koka katikati ya karne hiyohiyo. Bangi iliwatesa wanakemia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kemikali zake ni za mafuta, zinafanana mno na ni vigumu kuzitenganisha. Roger Adams wa Chuo Kikuu cha Illinois alifanikiwa kuitoa CBD mwaka 1940, lakini muundo wake kamili haukujulikana wakati huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana mmoja wa Taasisi ya Weizmann, Israel, Raphael Mechoulam, aliomba polisi wampe mali ya utafiti. Alikabidhiwa kilo 5 za hashishi ya Lebanon iliyokamatwa kwa wasafirishaji. Hakuwa na gari, akazibeba kwenye basi la abiria hadi maabara. Baadaye alipenda kusimulia jinsi abiria wenzake walivyokuwa wakijiuliza harufu ile inatoka wapi. Kutoka kwenye mzigo huo, yeye na wenzake walieleza muundo wa CBD mwaka 1963, na mwaka 1964 yeye na Yechiel Gaoni wakaipata THC ikiwa safi. Mechoulam alifariki dunia Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 92.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini ubongo wa binadamu uitikie kemikali ya mmea. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1988, pale Allyn Howlett na William Devane walipoonyesha, katika Chuo Kikuu cha Saint Louis nchini Marekani, kwamba kwenye ubongo kuna vipokezi ambavyo kemikali za jamii ya THC hujishikiza. Vinaitwa CB1. Mwaka 1992 Devane, Mechoulam na Lumír Hanuš wakagundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali ya kuvitumia vipokezi hivyo, wakaiita anandamidi. Mwaka uliofuata kipokezi cha pili, CB2, kikatambuliwa; hiki kiko zaidi kwenye chembe za kinga.

CB1 vimejaa kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia kumbukumbu, mwendo, hamu ya kula na maumivu. Mvutaji anaposahau alichokuwa akisema, akayumba na kutafuta chakula, ndivyo vinavyochezewa. Kwenye shina la ubongo linaloendesha upumuaji vipokezi hivyo ni vichache. Hii ndiyo sababu THC haizimi pumzi kama heroini inavyofanya.

Ndugu wa tumbo moja, tabia mbalimbali

THC huviamsha vipokezi vya CB1, lakini haiviamshi hadi mwisho. Hulevya, huongeza hamu ya kula, hupunguza kichefuchefu na kuupandisha mwendo wa moyo. Kiasi kikizidi huleta hofu na njozi. Marekani iliruhusu dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa kiwandani, mwaka 1985 kwa wagonjwa wanaotapika kwa sababu ya dawa za saratani.

CBD ina atomi zilezile kwa idadi ileile, ila zimeungana kwa namna nyingine, na tofauti hiyo inatosha kuifanya isilevye. Kazi yake kubwa iliyothibitishwa ni kupunguza degedege katika aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Zikiwekwa pamoja kwa kipimo, hizi mbili nazo huwa dawa. Uingereza iliidhinisha mwaka 2010 Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni ambayo kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, kwa wagonjwa ambao misuli yao hukakamaa kutokana na ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi tawanyifu.

CBN hutokana na THC iliyochakaa. Bangi ikikaa muda mrefu ghalani, hewa na mwanga huigeuza THC yake kuwa CBN, ambayo ulevi wake ni hafifu. Siku hizi inauzwa kama dawa ya usingizi, ingawa ushahidi wake ni mdogo. Walionufaika nayo zaidi ni wanaakiolojia. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kuipata CBN kwenye vyetezo vya mbao katika makaburi ya milima ya Pamir, magharibi mwa China, yenye umri wa miaka 2,500 hivi. Hapa Afrika Mashariki, Nikolaas van der Merwe alichapisha mwaka 1975 ushahidi wa kemikali wa bangi ndani ya vichwa vya kiko vya karne ya 14 vilivyofukuliwa karibu na Ziwa Tana, Ethiopia. Wazee wa bara hili waliivuta kabla Mreno hajafika pwani.

CBG ndiyo inayobaki pale asidi mama isipogeuzwa, na kwa kawaida haifiki asilimia 1. THCV inafanana na THC ila mkia wake ni mfupi: kaboni 3 badala ya 5. Bangi za asili za kusini mwa Afrika zinajulikana kwa kuwa nayo kuliko za kwingine. Kwa kiasi kidogo huvizuia vipokezi vya CB1 badala ya kuviamsha, na utafiti wa mwaka 2016 kwa wagonjwa 62 wa kisukari cha aina ya pili ulionyesha kuwa ilishusha sukari ya asubuhi. Wagonjwa 62 ni wachache. Hakuna daktari atakayemwambia mtu aache metifomini kwa ajili ya hilo, sembuse aanze kuvuta.

Hesabu ya chupa ya CBD

Juni 25, 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji ya CBD iliyosafishwa, kwa watoto wenye kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut. Habari ilipofika huku, ilifika imekatwa kichwa na miguu: “Wazungu wamekubali bangi inatibu kifafa.” Mzazi ambaye mwanawe anaanguka kila siku akisikia hivyo, ni rahisi kutamani kujaribu. Heri apige hesabu kwanza.

Kipimo cha Epidiolex kwa magonjwa hayo hufika miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 400 kila siku. Chupa ya mafuta ya CBD inayopatikana madukani ughaibuni, ile ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 1,000, ingemtosha siku 5 kwa kipimo cha chini, na siku mbili na nusu kwa cha juu. Matone mawili matatu chini ya ulimi hayakaribii hata kidogo.

Tena hiyo ni kama lebo inasema kweli. Mwaka 2017 jarida la tiba la JAMA lilichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa asilimia 31 tu. Bidhaa 18 kati yake zilikutwa na THC, ambayo hakuna mzazi anayetaka kumpa mtoto mwenye degedege.

Na hata ile safi ina masharti yake. CBD huvuruga vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Ikikutana na valproate, ambayo hutumika sana katika hospitali zetu, inaweza kupandisha viashiria vya kuumia kwa ini, na ndiyo maana wanaoitumia hupimwa damu. Bangi ya kuvuta, kwa upande wake, haiko hata karibu na dawa hiyo: THC yake ni kubwa na CBD yake ni ya kubahatisha. Mgonjwa anayeacha fenobabito ya zahanati akashika msokoto ameitupa dawa iliyopimwa na kuchukua kitu ambacho hata aliyemuuzia hakijui.

THC inapopandishwa

Kwa miaka mingi Mahmoud ElSohly na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mississippi wamekuwa wakipima bangi inayokamatwa nchini Marekani. Mwaka 1995 wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 ulifika 12. Katika sampuli hizohizo CBD ilipungua hadi chini ya asilimia 0.2. Wakuzaji walikuwa wakichagua mbegu kwa ajili ya ulevi, na kila CBGA iliyogeuzwa kuwa THC ilikuwa imeikosesha CBD.

Hatari nayo ilibadilika. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake waliripoti katika The Lancet Psychiatry kwamba katika miji kadhaa ya Ulaya na mmoja wa Brazil, wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wenye njozi kuliko wasiovuta kabisa. Tanzania imeanza kulionja hilo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, imekuwa ikitahadharisha kuhusu skanka, bangi yenye THC nyingi inayoingizwa kutoka nje. Mzee anayesema “sisi tulivuta tukiwa vijana na hatukuchizika” huenda anasema kweli, ila alichovuta yeye sicho anachovuta mjukuu wake.

Kuna pia zisizotoka shambani. Huko Marekani, hempu ilipohalalishwa, wafanyabiashara walichukua CBD yake halali wakaigeuza kwa tindikali kuwa delta-8 THC, inayolevya, wakaiuza kwenye vituo vya mafuta mpaka Bunge likaamua Novemba 2025 kuubana mlango huo. Hatari zaidi ni kanabinoidi za kutengenezwa, kama JWH-018 iliyoundwa kwa ajili ya utafiti katika maabara ya John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson. Hizi huviamsha vipokezi vya CB1 hadi mwisho, jambo ambalo THC haifanyi. Zimo katika “kush” ya Sierra Leone, ambayo katika sampuli nyingine imekutwa pia na dawa za jamii ya afyuni, na ambayo ilimlazimu Rais Julius Maada Bio kutangaza hali ya dharura Aprili 2024. Aliyeiona kwa macho angesema ni majani makavu tu.

Mkimbiaji na msafiri

Kwa wanariadha, tofauti ya herufi moja inaweza kugharimu medali. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, WADA, liliiondoa CBD kwenye orodha yake mwaka 2018, lakini likaziacha kanabinoidi nyingine zikiwa marufuku wakati wa mashindano. Kikomo cha THC kwenye mkojo ni nanogramu 150 kwa mililita. Sha'Carri Richardson wa Marekani alikosa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu hiyo. Mkimbiaji wa Iten au Arusha anayejipaka mafuta ya CBD kwa ajili ya maumivu ya misuli anaweka kazi yake mikononi mwa aliyeandika lebo.

Msafiri naye aangalie. Chupa iliyonunuliwa kihalali London inaweza kumfikisha abiria mahakamani akishuka Dubai. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi.

Majirani wameanza

Lesotho ilitoa leseni ya kwanza ya bangi ya dawa barani Afrika mwaka 2017. Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020. Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha mwaka huohuo kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, si kwa kuvutwa nchini. Uganda, ambako imekuwa ikilimwa kwa kibali Kasese, Bunge lilipitisha sheria mpya Agosti 2023 baada ya Mahakama ya Katiba kuifuta ya awali. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 25 zilizopinga Desemba 2020, pale Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipoamua kwa kura 27 kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi. Miaka miwili baadaye, George Wajackoyah aligombea urais wa Kenya kwa ahadi ya kulipa deni la taifa kwa bangi, akaambulia chini ya asilimia 1 ya kura.

Jukwaani bangi huhesabiwa kwa ekari na mabilioni. Mnunuzi wa Ujerumani huihesabu vinginevyo. Anataka cheti cha maabara kwa kila shehena: asilimia ya THC, asilimia ya CBD, ukungu, viuatilifu na metali nzito, na shehena ya pili ifanane na ya kwanza. Mkulima wa hempu naye ana hofu yake: zao likikaa shambani muda mrefu THC hupanda, na Marekani shamba lililozidi kiwango linaweza kuamriwa kuteketezwa, liwe la nia njema au la.

Kwa sasa, bangi inapofikishwa mahakamani Tanzania, maswali makuu ni mawili: je, ni bangi, na ina uzito gani? Kwa kesi ya jinai yanatosha. Kwa afya na kilimo hayatoshi. Gunia la Arumeru lenye THC ya asilimia 3 na pakiti ya skanka yenye asilimia 20 ni hatari mbili tofauti kwa kijana mwenye umri wa miaka 16, na hospitali inayompokea akiwa amechanganyikiwa inahitaji kujua alivuta ipi. Wanaotaka bangi ihalalishwe na wanaotaka ibaki marufuku wanaweza kuanza na dai moja la pamoja: kila sampuli inayokamatwa ipimwe kiwango cha THC na CBD, na matokeo yachapishwe kila mwaka. Gharama yake huenda ikawa ndogo kuliko ya operesheni moja ya kufyeka mashamba, na baada ya miaka mitano tungekuwa tunabishana kwa takwimu zetu wenyewe, si za Mississippi.